Vioo vya Simu na Tarakilishi Navyo Vina Lafudhi

Shangazi yangu alipofariki, mimi ndiye niliyekabidhiwa jukumu la picha. Katika familia zetu za huku Thika na Ruiru, mazishi hayakamiliki bila kijitabu cha wasifu wa marehemu, na juu ya jalada la kijitabu hicho sharti pawe na sura yake. Waliobaki hukihifadhi kabatini pamoja na hati za shamba na vyeti vya ubatizo. Baada ya miaka thelathini mjukuu atakifungua na kusema, kumbe nyanya alikuwa hivi. Jukumu hilo basi si dogo, ijapokuwa mimi nililidhania kuwa kazi ya dakika tano.

Picha yenyewe tulikuwa nayo. Ilipigwa na mjukuu wake kwa simu ya mkononi, mwezi wa Desemba, siku tulipompeleka shangazi kutazama maporomoko ya mto Chania pale katika hoteli ya Blue Posts, ile iliyoanzishwa mwaka 1908 kati ya maporomoko mawili, ya Chania na ya Thika. Ameupa mto mgongo, kitambaa cha zambarau kichwani, anacheka. Mjukuu alinitumia picha hiyo kwa WhatsApp, na kwenye simu yangu shangazi alikuwa maji ya kunde hasa, ngozi nyororo, maji ya mto yakimetameta nyuma yake. Jamaa wote walikubaliana kwamba hapana picha iliyoipiku ile.

Niliipeleka katika duka moja la uchapishaji mjini Thika. Kijana aliyekuwa kazini akaunganisha simu yangu na tarakilishi kwa waya, akaifungua picha. Waama, nilishtuka. Kitambaa kilikuwa buluu. Ngozi ya shangazi ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyepakwa majivu, na maji ya Chania hayakumetameta tena. Yalikuwa na rangi ya udongo mwekundu yanaoukokota kutoka Nyandarua kila mvua inyeshapo.

"Kijana, umeiharibu picha," nikamwambia.

"Mwalimu, sijaigusa. Nimeifungua tu," akanijibu kwa adabu.

Akachapa karatasi moja ya majaribio. Karatasini shangazi alikuwa mweusi kama chungu kilichokaa mekoni, macho na meno tu yakionekana. Binamu yangu, bintiye marehemu, ambaye tulikuwa tumeandamana naye, akaitazama karatasi ile kwa muda, kisha akailaza mezani kifudifudi.

"Huyu si mama," akasema.

Mimi si fundi wa mitambo. Kazi yangu ni isimu, na nimezoea kusahihisha insha, si picha. Hata hivyo, kadiri nilivyozidi kulichunguza jambo hili ndivyo nilivyobaini kwamba halikuwa mbali na taaluma yangu. Hapa Kenya tuna neno tarakilishi, ambalo wengi hulikejeli wakisema heri kompyuta. Sina haja ya kuufufua ugomvi huo, ila neno hilo lina fadhila moja: limefinyangwa kutokana na tarakimu na akili, na kwa hiyo latukumbusha kwamba mashine hiyo haijui kitu ila tarakimu. Ndani ya faili ya picha ile hamkuwamo zambarau wala maji ya kunde. Mlikuwamo namba. Picha hugawanywa katika nukta ndogo ndogo, mamilioni kwa mamilioni, na kila nukta hupewa namba tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, kila moja ikianzia 0 na kuishia 255. Ukizipanga namba hizo tatu kwa kila namna iwezekanayo utapata rangi 16,777,216. Namba za kitambaa cha shangazi zilikuwa zile zile katika simu na katika tarakilishi ya dukani. Kijana alisema kweli.

Namba hizo, msomaji, ni kama maandishi. Andika neno "lala" ubaoni, kisha umwite mtu wa Mombasa, wa Kisumu na wa Gatundu alisome. Sisi tuliolelewa kwa Gikuyu, lugha isiyokuwa na sauti ya l, huenda tukalisoma "rara", na watu wakacheka. Lakini ubaoni hakuna herufi iliyobadilika. Kilichobadilika ni kinywa. Kioo cha simu nacho ni kinywa. Hupokea namba na kuzitamka kwa vijitaa vya rangi tatu, na kila kiwanda hutengeneza vijitaa hivyo kwa namna yake.

Vinywa hivi vinatofautiana kuliko tunavyodhani. Simu nyingi za siku hizi zina kioo ambacho kila nukta yake hujitolea nuru yake. Nukta ikiambiwa iwe nyeusi, huzima kabisa. Tarakilishi nyingi, hasa za bei nafuu, zina taa nyuma ya kioo isiyozimika, na kazi ya kila nukta ni kuiziba taa hiyo kadiri iwezavyo. Haiwezi kuiziba yote. Nyeusi yake kwa hiyo huwa kijivu kilichoiva, na picha nzima hufifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Zipo tarakilishi nyingi za mkononi ambazo hazifikishi hata theluthi mbili za rangi ambazo kioo kizuri kinapaswa kuzionyesha. Ziambie zitoe zambarau iliyokolea, zitakupa jirani yake wa karibu, yaani buluu. Katika baadhi yake, ukiinamisha kichwa au kukisogeza kioo nyuma kidogo, rangi hugeuka tena. Nilijaribu pale dukani: niliposimama, shangazi alikuwa na sura moja, na nilipoketi, nyingine.

Kisha kuna suala la mwangaza. Tarakilishi ya kawaida hutoa niti 250 hivi, niti ikiwa ndicho kipimo cha ung'avu wa kioo, ilhali simu za bei ya juu siku hizi zinapita 1,000. Simu hujiongeza mwangaza yenyewe ukitoka juani na kujipunguza ukiingia nyumbani. Usiku huenda ikajitia umanjano ili isikunyime usingizi. Hata nyeupe hawaafikiani: kioo kimoja huitamka kwa ubaridi wa kibuluubuluu, kingine kwa joto la maziwa ya ng'ombe. Nayo karatasi haina nuru kamwe, hutegemea jua au taa ya chumba. Aliyezoea kuitazama picha katika kioo kinachowaka sana, akiipata karatasini ataiona imeingia giza. Hayo ndiyo yaliyotufika sisi katika jaribio lile la kwanza.

Utauliza, kwani viwanda havikuafikiana? Viliafikiana, na hapa mwanaisimu hana budi kutabasamu. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya kukisimamia. Wazee wa Kimvita hawakufurahi, na wana wao hawajafurahi mpaka leo, lakini ni usanifishaji huo unaoniwezesha kuandika makala haya yakasomwa Lamu na Kigoma. Vioo navyo vilipata Kiunguja chao. Mwaka 1996 makampuni ya Hewlett-Packard na Microsoft yalipendekeza mapatano yaitwayo sRGB, yanayoeleza namba fulani itamkwe kwa rangi gani hasa, na mwaka 1999 shirika la kimataifa la viwango vya umeme likayaidhinisha. Kama ilivyokuwa kwa Kiunguja, hayakushuka kutoka mbinguni. Yalichukua mfano wa vioo vilivyokuwa mezani mwa watu wakati huo, yale makasha mazito yenye tumbo nyuma.

Tangu hapo vioo vimeyapita mapatano. Simu za Apple, kuanzia zile za mwaka 2016, hunakili na kuonyesha rangi nyingi zaidi kwa mapatano mapana zaidi, na nyingine zimefuata. Picha ya namna hiyo husafiri na hati ndogo iliyofichwa ndani ya faili, mfano wa barua ya utambulisho ya chifu, inayosema: namba hizi zisomwe kwa lahaja fulani. Programu inayoijali hati hiyo huzitafsiri ipasavyo. Isiyoijali, au hati ikiwa imedondoka njiani, namba husomwa kwa lahaja ya zamani, na picha hupooza. Kinyume chake hutokea pia: namba za zamani zikitupwa ovyo katika kioo kipana, mwekundu huwa moto na majani ya migomba huonekana kama yamepakwa rangi ya lango. Baadhi ya watengenezaji wa simu hulifanya hilo makusudi. Wanajua kwamba mnunuzi dukani huvutwa na kioo kinachopiga kelele.

Kuhusu WhatsApp nitasema kidogo tu, kwa kuwa wengi wamelionja jambo hilo. Picha yenye nukta milioni kumi na mbili ikipitishwa humo kwa njia ya kawaida hufika ikiwa na milioni mbili hivi. Katika kioo cha kiganjani huwezi kuligundua hilo. Katika jalada la kijitabu, kope za marehemu zinakuwa moshi. Tangu Agosti 2023 mtumaji anaweza kuchagua ubora wa juu zaidi, lakini yafaa akumbuke kuchagua.

Mpaka hapa nimekuwa nikizungumza kama kwamba simu yangu ilikuwa sahihi na tarakilishi ikakosea. Hivyo ndivyo tulivyoamini sote siku ile, na ni kijana wa dukani aliyeniondolea imani hiyo. Aliichukua simu, akaivuta picha kwa vidole viwili hadi shavu la shangazi likajaza kioo chote.

"Mzee, mama huyu alikuwa na miaka mingapi?"

"Sabini na minane."

"Na hana hata kunyanzi moja?"

Sikuwa nimeona. Simu ya mjukuu, bila ya kuombwa, ilikuwa imemlainisha nyanyake na kumwongezea weupe. Zipo simu nyingi zinazouzwa na pambo hilo likiwa limekwisha kuwashwa, na mwenye simu hajui kuwa lipo. Tunawakemea akina dada wanaojipaka mkorogo, na twafanya vyema kuwakemea, ilhali mfukoni tumebeba mkorogo wa umeme unaompaka kila tunayempenda bila idhini yake. Ule wekundu wa udongo katika maji ya Chania, uliodhihirika kwenye tarakilishi, ulikuwa karibu na ukweli kuliko ule umetaji uliotupendeza. Tarakilishi nayo ilikosea kitambaa. Hakuna kati yao aliyekuwa shahidi wa kutegemewa.

Basi tungemrejelea nani? Hapa naomba ruhusa ya kurudi kwenye somo langu. Mwaka 1969 watafiti Brent Berlin na Paul Kay walichapisha kitabu kilichodai kwamba lugha huzaa majina ya rangi kwa utaratibu: kwanza nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, halafu nyingine. Wamepingwa na kusahihishwa mara nyingi, lakini Kiswahili kingewafurahisha. Vivumishi vyetu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Gikuyu nacho kina -irũ, -erũ na -tune. Rangi zilizobaki tunazitaja kwa vitu. Kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kile kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda. Maji ya kunde, tunayoyatumia kusifu ngozi, ni maji ya kunde hasa, yale yanayobaki chunguni kunde zikishachemka. Wako wanaoliona hili kuwa ni umaskini wa lugha. Mimi naliona kuwa busara ya watu waliojua kwamba macho hubishana, na kwamba mzozo wa rangi huamuliwa kwa kukileta kitu chenyewe na kukiweka mezani.

Swali kubwa ni kitu cha nani kinachowekwa mezani. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo zikaitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya mwanzo. Fundi alizirekebisha mashine zake mpaka ngozi ya Shirley ipendeze. Aliyekuwa na ngozi tofauti akajitafutia. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyelichunguza suala hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 2009, alielezwa na waliokuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo kwamba filamu ilianza kuboreshwa kwa rangi za kahawia baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990.

Katika sebule ya shangazi imetundikwa picha ya harusi yake. Mumewe ni shati jeupe lisilo na kichwa; yeye ni shela, na ndani ya shela mna kivuli chenye tabasamu. Tangu utotoni nilidhani mpiga picha alikuwa mlevi. Namwomba radhi, popote alipo.

Mambo yamebadilika kiasi. Simu za Tecno, za kampuni ya Transsion ya Uchina, zilijipatia soko kubwa barani Afrika kwa sababu, miongoni mwa nyingine, kamera zake zilirekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi. Mwaka 2021 Google ilizitoa simu zake za Pixel 6 na utaratibu wa kuinakili ngozi nyeusi kwa uaminifu zaidi, na mwaka 2022 ikaanza kutumia kipimo cha rangi kumi za ngozi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Nafurahi. Lakini kamera iliyojifunza kutuona huweza pia kufundishwa kutupendezesha, na hapo twarudi kwenye shavu la mwanamke wa miaka sabini na minane lisilo na kunyanzi.

Turudi dukani. Kijana yule alisema tumwombe mjukuu picha ya asili, isiyopitia WhatsApp, na kama simu yake ilihifadhi nakala isiyopambwa, atupatie hiyo. Bahati nzuri ilikuwapo. Kisha akamgeukia binamu yangu.

"Kile kitambaa bado mnacho?"

Kilikuwapo nyumbani Ruiru, kimekunjwa juu ya kitanda, hakuna aliyekuwa na moyo wa kukigusa. Binamu alipanda matatu kukifuata, nasi tukamngoja zaidi ya saa moja. Aliporudi alikitoa ndani ya mfuko wa karatasi, na harufu ya shangazi ikaingia dukani kabla yake.

Kijana hakukiweka mbele ya kioo cha tarakilishi. Kioo hicho, alisema, tumekwisha kukijua uongo wake. Alichapa kipande chembamba cha karatasi chenye kitambaa na nusu ya uso, akatoka nacho nje, kivulini mwa ukuta, mahali penye mwanga wa mchana usio na jua kali. Akakilaza juu ya kitambaa. Buluu ilikuwa imezidi. Akarudi ndani, akarekebisha, akachapa kingine. Mara hii zambarau ilikubali, lakini uso ulikuwa bado na giza. Akamtazama binamu yangu, akasita, kisha akauliza:

"Samahani, wewe na mama mlifanana rangi?"

"Watu husema hivyo."

"Basi naomba mkono."

Binamu akakunja sweta na kuunyosha mkono wake pale nje, wapita njia wakitutazama. Kijana akauweka uso wa mamake juu ya mkono huo, akapima, akaingia, akatoka. Kipande cha nne, cha tano. Nilipotaka kutoa maoni, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, ngoja kwanza mwenyewe aseme." Katika kipande cha sita binamu yangu hakusema neno. Alikichukua, akakifunga ndani ya kitambaa, akatikisa kichwa kukubali.

Tulichapa nakala mia tatu. Shangazi ana makunyanzi yake yote, kitambaa chake ni cha zambarau, na nyuma yake Chania inapita na udongo wake. Jioni ya mazishi mjukuu alikipiga picha kijitabu kwa simu ile ile, akaituma kwa jamaa walioko Marekani. Jibu lilifika tungali tunakunywa chai: mmoja wao alitaka kujua ni kwa nini tumemtia nyanya weusi.